Kunakili si kutunza: uhakiki wa maktaba ya maswali ya Kobo



Hapa kwetu Fizi na Baraka, kijana akimaliza lisansi, mara nyingi kazi ya kwanza anayopata si ile aliyosomea. Ni anketi. Anapewa telefone, anafundishwa siku mbili, alafu anatumwa Mboko, Sebele ao Kazimia kuuliza watu wamekula nini, wamelima wapi, wamevuna kiasi gani. Mimi ni wa agronomia na nimepita njia hiyo hiyo, kwanza kama muulizaji, sasa kama mtu anayetengeneza fomu zenyewe. Njo maana leo nataka tuhakiki chombo ambacho wengi wetu tunakishika kila mwezi bila kukitazama: KoboToolbox, na hasa ile sehemu yake inayoitwa maktaba ya maswali.

Swali langu ni moja. Juu ya nini projeti nyingi zinazouliza familia zile zile mambo yale yale zinashindwa kuweka majibu yao pamoja? Jibu langu nalitoa mapema: juu tunanakili vipande vya fomu badala ya kuvitunza. Maktaba ya Kobo inatusaidia kunakili haraka zaidi. Kutunza, haitusaidii vya kutosha, na sisi wenyewe hatujaziba pengo hilo.

Chombo chenyewe

Kobo si kitu cha mbali na sisi. Kilianzishwa na watafiti Phuong Pham na Patrick Vinck, wa Harvard Humanitarian Initiative, watu waliofanya anketi kubwa kaskazini ya Uganda na huku mashariki ya Kongo. Programu yake ya telefone, KoboCollect, imejengwa juu ya ODK, iliyozaliwa University of Washington kule Marekani. Inafanya kazi bila mtandao: unajaza fomu Lulimba, unatuma ukifika Baraka. Kwa barabara zetu na mtandao wetu, hiyo peke yake ni sifa kubwa.

Fomu yenyewe ni faili ya Excel tu, yenye muundo unaoitwa XLSForm. Karatasi ya kwanza, 'survey', iko na maswali. Ya pili, 'choices', iko na majibu ya kuchagua. Ya tatu, 'settings', iko na jina la fomu na namba ya toleo. Lakini ndani yake kuna hesabu, kuna masharti (kama familia haina shamba, ruka maswali ya mavuno), kuna mipaka (mtu hawezi kula sombe siku 9 katika wiki moja). Kwa hiyo ni programu ya kompyuta, ata kama aliyeiandika hajiiti mwandishi wa programu.

Na shida yake ni shida ya zamani ya waandishi wa programu. Mwaka 1968, kwenye mkutano wa NATO huko Garmisch, Ujerumani, Douglas McIlroy aliomba programu zijengwe kwa vipande vilivyo tayari, sawa vile kiwanda kinavyotumia vipuri vilivyopimwa, badala ya kila mtu kuchonga vyake upya. Zaidi ya miaka 50 imepita. Kwenye fomu zetu tungali tunachonga. Ao tunafanya kibaya zaidi: tunachukua kipuri cha mwenzetu bila kujua kilipimwa na nani.

Inachofanya vizuri

Nisiwe mchoyo wa sifa. Kwenye maktaba ya Kobo unaweza kuweka swali moja, ao kundi zima la maswali, ao fomu nzima kama kiolezo. Unaweza kuvipanga katika mikusanyo na kushirikisha wenzako. Ukitengeneza fomu mpya, unavuta kipande, kinaingia na majibu yake, masharti yake na tafsiri zake. Kama umeandika swali kwa Kifaransa, Kiswahili na Kibembe, lugha zote zinakuja pamoja. Anayejua kazi ya kuandika upya sehemu ya muundo wa familia (jina, jinsia, umri, uhusiano na mkubwa wa nyumba) anajua siku ngapi zinaokolewa hapo.

Tena, kwa sababu XLSForm si mali ya Kobo peke yake, kipande kinaweza kuhamia ODK, Ona ao SurveyCTO kwa marekebisho madogo. Projeti ikifungwa na akaunti yake ikifutwa, mwenye faili ya Excel bado iko na kazi yake mkononi. Hilo ni jambo la maana katika eneo ambalo projeti zinafungwa kila mwaka.

Inaposhindwa

Shida inaanza pale unapovuta kipande. Kinachoingia kwenye fomu yako ni nakala. Kuanzia dakika hiyo, nakala na asili yake haviongei tena. Ukisahihisha kosa maktabani, fomu zilizokwisha kutengenezwa hazijui. Mwenzako akibadilisha swali ndani ya fomu yake, maktaba haijui. Baada ya miezi sita kuna nakala tano za kipande kimoja, zote na jina moja, hakuna mbili zinazolingana.

Mtu atasema: ni tofauti ndogo tu. Tuangalie mfano mmoja kwa hesabu, juu hapo njo penye uzito.

Mashirika mengi yanayofanya anketi ya chakula yanatumia kipimo cha PAM kinachoitwa FCS. Unauliza familia ilikula kila kundi la chakula siku ngapi katika siku 7 zilizopita, alafu unazidisha kwa uzito wa kundi: nafaka na mizizi 2, maharagwe na jamii yake 3, mboga 1, matunda 1, nyama na samaki 4, maziwa 4, sukari 0.5, mafuta 0.5. Unajumlisha. Alafu unagawa familia katika mafungu matatu: hali mbaya, hali ya mpakani, hali ya kuridhisha. Lakini mipaka iko ya aina mbili. Ya kawaida ni 21 na 35. Pale ambapo watu wanakula mafuta na sukari karibu kila siku, inatumika 28 na 42, ili mafuta na sukari visifiche njaa.

Sasa chukua familia ya kando ya ziwa. Bugali ya muhogo siku 7: alama 14. Sombe siku 5: alama 5. Mawese siku 7: 3.5. Chai ya sukari siku 6: alama 3. Jumla 25.5. Kwa mipaka ya 21 na 35, familia hii iko mpakani. Kwa mipaka ya 28 na 42, hali yake ni mbaya. Chakula ni kile kile, sahani ni ile ile. Kilichobadilika ni mstari mmoja wa hesabu ndani ya kipande ambacho mtu alikinakili kutoka projeti ya mahali pengine, ambako mawese si chakula cha kila siku.

Ongeza ndagala. Kama familia ilikula ndagala siku 2 kama kitoweo, ni alama 8 zaidi, jumla 33.5, na kwa mipaka yote miwili inakuwa mpakani. Lakini kanuni ya FCS inasema samaki kidogo wa kutia ladha tu anahesabiwa kama kiungo, na kiungo uzito wake ni 0. Ile kanuni haikai kwenye hesabu. Inakaa kwenye sentensi ndogo ya maelezo kwa muulizaji, chini ya swali. Na nimeona mara nyingi kwamba mtu anayenakili kipande kwa haraka anafuta kwanza ile sentensi, juu inajaza kioo cha telefone.

FCS haichagui familia moja moja, ni kweli. Lakini asilimia zinazotoka humo zinaingia kwenye ripoti, na ripoti zinasukuma mbegu, majembe na fedha kwenda sekta ya Mutambala ao Ngandja, ao kutokwenda popote. Mama wa Nundu hatajua kamwe kwamba kijiji chake kilionekana afadhali kuliko mwaka uliopita juu ya nakala ya Excel.

Jina na lebo

Kitu cha pili ambacho maktaba haikufundishi, na mafunzo ya siku mbili hayakuambii: katika XLSForm kila jibu liko na safu mbili. 'label' ni kile muulizaji anachosoma kwenye telefone. 'name' ni kile kompyuta inachohifadhi. Lebo inaweza kubadilika kila siku: muhogo, manioc, kwa lugha yoyote. Jina halipaswi kubadilika hata kidogo, juu njo linalounganisha majibu ya mwaka huu na ya mwaka kesho.

Tunafanya kinyume. Projeti moja inahifadhi "muhogo", nyingine "manioc", nyingine "1". Kwenye projeti hii, 1 ni muhogo. Kwenye ile, 1 ni mahindi. Ukiweka pamoja bila kujua, umevuna mahindi kwenye shamba la muhogo.

Kwa majina ya mahali ni mbaya zaidi. Kuna ngazi za utawala: teritwari, sekta, groupement, kijiji. Kuna ngazi za afya: zoni ya afya, eneo la afya, kijiji. Hazifuati mipaka ile ile. Teritwari yetu iko na sekta nne, Tanganyika, Mutambala, Lulenge na Ngandja; zoni za afya ni mambo mengine, Fizi, Nundu, Kimbi-Lulenge na kadhalika. Baraka yenyewe ilipewa hadhi ya mji, lakini kwa afya iko chini ya zoni ya Fizi. Kwa hiyo fomu moja inaweka Baraka ndani ya teritwari, nyingine inaiweka pembeni, na ukilinganisha "Fizi" ya huyu na "Fizi" ya yule unalinganisha nchi mbili. Bado sijataja tahajia: Kazimia na Kazimiya kwa kompyuta ni vijiji viwili.

Tena kuna vipimo. Mkulima wetu hasemi kilo. Anasema ndoo, beseni, gunia, kopo la Guigoz. Kila projeti inatengeneza jedwali lake la kugeuza kuwa kilo, na mara nyingi jedwali moja tu kwa mazao yote. Lakini ndoo ya mahindi makavu na ndoo ya unga wa muhogo hazina uzito mmoja, na ndoo iliyojaa mpaka ukingoni si sawa na ile yenye kilima juu. Kazi ya kupima inaweza kufanywa mara moja, kwa mizani, sokoni Baraka, na kuandikwa vizuri: zao gani, chombo gani, kimejazwa vipi, tarehe gani. Sasa hivi inafanywa mara kumi kwa kukisia.

Upande wa pili

Nisikilize na wanaopinga. Wako na hoja mbili zenye nguvu.

Ya kwanza: kila mfadhili anataka viashiria vyake, fomu moja kwa wote haiwezekani. Ni kweli, wala siombi fomu moja. Naomba vipande vinne ao vitano ambavyo wote tunavitumia tayari: mahali, muundo wa familia, mazao, vipimo, chakula cha siku 7. Mengine yote kila mtu abaki na yake. Kuna maswali ambayo ni hatari kuyaweka kwenye kipande cha pamoja, kwa mfano asili ya mtu ao sababu ya kukimbia kijiji. Swali linaloulizwa bila shida Mulongwe linaweza kuleta matata mahali pengine, na muulizaji njo atakayelipa. Kwa hayo, kila timu ifikiri upya kila mara. Na tusichanganye: maktaba inatunza maswali, haitunzi majibu ya watu.

Hoja ya pili ni ya waandishi wa programu wenyewe. Ukiunganisha wote kwenye kipande kimoja, kipande kikivunjika wote wanaanguka. Mwezi wa tatu 2016 ilitokea kweli. Mwandishi mmoja, Azer Koçulu, aligombana na kampuni ya npm juu ya jina la programu yake nyingine, akaondoa kazi zake zote kwenye ghala lao. Moja ilikuwa left-pad, mistari 11 tu, kazi yake kuongeza nafasi mbele ya maneno. Maelfu ya programu duniani zilikuwa zinaitegemea, wengi bila kujua, na zikashindwa kujengwa mpaka npm walipoirudisha baada ya saa chache.

Kwa hiyo nakala iko na faida yake: fomu yako haivunjiki juu mtu mwingine kagusa kitu. Katikati ya anketi, ata mimi sitaki kipande kibadilike chenyewe. Waandishi wa programu walipata njia ya katikati, na njo hiyo ninayoona inakosekana kwenye Kobo: namba ya toleo kwa kila kipande. Kipande kinaitwa, kwa mfano, mazao 2.1. Ukirekebisha maneno tu na majibu ya zamani bado yanaungana na mapya, kinakuwa 2.2. Ukibadilisha jina la jibu ao mpaka wa hesabu, majibu hayaungani tena moja kwa moja, kinakuwa 3.0. Fomu inaandika ndani yake: nilitumia mazao 2.1. Hapo unanakili kwa usalama, lakini kila mtu anajua ulinakili nini.

Ndugu wa agronomia wanajua tayari jambo hili kwa jina lingine. Vijiti vya muhogo vikipita mkono kwa mkono, kutoka jirani hadi jirani, vinasafiri pamoja na mozaiki, na anayepokea haoni ugonjwa siku ya kupanda. Njo maana kuna shamba la kuzalisha vijiti safi, kuna mtu wa kulikagua, kuna SENASEM ya kuthibitisha mbegu. Hakuna anayekataza kugawana vijiti. Tunachotaka ni kujua vimetoka shamba gani na nani alivikagua.

Hukumu yangu, na kinachobaki kwetu

Nikihukumu chombo: maktaba ya Kobo ni kabati nzuri. Iko na rafu, iko na mlango wa kushirikisha wengine. Haina daftari la kuandika nani kaweka, nani kabadilisha, na kwa nini. Wanaoijenga wangeweza kuongeza jambo moja dogo: fomu iseme kipande hiki kimetoka wapi, na ionyeshe kama asili yake imebadilika toka siku ya kunakili. Isibadilishe chenyewe, ionyeshe tu. Ningefurahi nikiliona hilo.

Lakini hukumu kubwa ni kwa tabia yetu. Fomu zinatoka Bukavu ao Kinshasa jioni, asubuhi waulizaji wanatoka. Mkubwa wa kazi anasema: "Chukua ile ya mwaka jana, badirisha tu jina." Hakuna anayelipwa kutunza. Projeti inalipa fomu, hailipi kipande kitakachofaa projeti ya mwaka kesho ya shirika lingine. Na kila projeti ikifungwa, ujuzi wa kwamba ndagala wa ladha si samaki, kwamba ndoo ya Baraka ina uzito huu, unaondoka na kompyuta ya ofisi.

Wanaobaki ni sisi. Mashirika yanakuja na kwenda; waulizaji ni wale wale, wengi wao wanachama wa chama hiki. Tunajua tahajia za vijiji kuliko yeyote Kinshasa. Kwa hiyo ninapendekeza chama kishike faili tatu za Excel, si zaidi kwa kuanzia: vijiji na ngazi zake zote mbili, mazao na majina yake, vipimo na uzito wake kwa kila zao. Kila faili iwe na mtu mmoja anayejibu juu yake, namba ya toleo, na karatasi ya nne ambapo kila badiliko linaandikwa kwa mstari mmoja: tarehe, nani, nini, kwa nini. Kabla ya toleo jipya kutoka, watu wawili wajaze fomu ya majaribio na familia moja ya kufikirika ambayo matokeo yake tunayajua, sawa ile ya alama 25.5. Namba ikitoka tofauti, toleo halitoki.

Kazi hiyo haiombi fedha ya mfadhili. Inaomba mizani, jumamosi mbili sokoni, na watu wanaokubali kazi yao ikaguliwe na wenzao. Mimi nimeanza faili ya vipimo, na mazao mawili tayari yamepimwa: mahindi na maharagwe. Natafuta mwenzangu wa Fizi-centre apime vyombo vya huko, juu sina uhakika kwamba beseni ya mlimani ni beseni ya ziwani.